Noti Iliyokataliwa Kabla ya Siku Yake: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kitangari

Mwezi Oktoba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuziondoa katika mzunguko noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010. Waliokuwa nazo walipewa muda wa kuzibadilisha, kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025, katika ofisi za Benki Kuu, likiwemo tawi lake la Mtwara, na katika benki za biashara nchini. Kila noti ilibadilishwa kwa thamani yake kamili. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2025 noti hizo zilikoma kuwa fedha halali, na maana yake ni kwamba hadi tarehe 5 Aprili zilikuwa bado fedha halali kama noti nyingine yoyote.

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katikati ya Machi 2025, muda wa kubadilisha ukiwa bado haujaisha, katika kijiji kimoja cha Kitangari, wilayani Newala, mkoani Mtwara. Bibi mmoja mkulima wa korosho, mjane, alitaka kuezeka upya chumba kimoja cha nyumba yake. Akiba yake ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga: noti 18 za shilingi 10,000, noti 12 za shilingi 5,000, noti 9 za shilingi 1,000, zote za toleo la mwaka 2003, na noti 6 za shilingi 500 za toleo la mwaka 2010, zenye picha ya Karume. Jumla yake ilikuwa shilingi 252,000. Sehemu kubwa ya fedha hizo aliipata enzi zile wanunuzi wa korosho walipokuwa wakipita majumbani na kulipa taslimu, kabla mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi, na mzigo kuuzwa mnadani) haujaanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008 na kabla malipo ya wakulima hayajahamia kwenye akaunti za benki.

Muuza mabati alizikataa. Alizishika, akazipangua kama karata, akamrudishia kwa adabu.

“Bibi, hela hii haipiti tena.”

“Haipiti kwa nani, mjukuu wangu? Na tembo si huyu hapa?”

Tembo kweli alikuwepo, maana noti ya 10,000 ya mwaka 2003 ina tembo, na noti inayotumika sasa ina tembo vilevile. Alama ya maji ilionekana noti ilipoinuliwa kwenye mwanga, uzi wa usalama ulikuwa mahali pake, na hakuna aliyedai kwamba noti ni bandia. Duka la pili walimjibu vivyo hivyo. Mtu wa tatu, mfanyabiashara anayezunguka vijijini, alikuwa tayari kuzichukua zote, lakini kwa shilingi 7,000 kwa kila shilingi 10,000. Kwa kiwango hicho bibi angeondoka na shilingi 176,400 na kupoteza 75,600. Aliyemwokoa ni kijana wakala wa huduma za fedha kwa simu. Huyu alizipokea kwa thamani kamili na kumwekea salio kwenye simu yake, shilingi 150,000 siku ya kwanza kwa sababu floti yake, yaani salio la kazi kwenye simu yake, iliishia hapo, na 102,000 zilizobaki siku ya pili, baada ya kwenda benki Newala na kurudi. Kisha bibi akarudi kwa muuza mabati yuleyule na kumlipa kwa lipa namba, namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu. Muuzaji akapokea bila kusita.

Kwa hiyo, ndani ya siku mbili, katika kijiji kimoja, fedha zilezile zilikuwa na bei tatu: sifuri kwa muuza mabati, saba ya kumi kwa mchuuzi, na thamani kamili kwa wakala. Karatasi haikubadilika, sheria haikubadilika, wala mmiliki hakubadilika. Anayetaka kueleza kinachoipa fedha thamani hana budi kueleza bei hizo tatu kwa pamoja, na maelezo tuliyoyazoea barazani hayatoshi.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba nyuma ya kila noti ipo dhahabu iliyofungiwa Benki Kuu. Hayo tuyaache mapema. Shilingi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Juni 1966 wakati Benki Kuu ilipofungua milango yake, haijawahi kumpa mwananchi haki ya kwenda dirishani kudai dhahabu kwa noti yake. Hata dola ya Marekani, ambayo serikali za nje ziliweza kuibadilisha kwa dhahabu kwa kiwango cha dola 35 kwa aunsi, iliachana na utaratibu huo tarehe 15 Agosti 1971. Na sisi watu wa kusini tunao ushahidi wa kale zaidi kwamba thamani ya fedha haikai ndani ya madini yake: masultani wa Kilwa walifua sarafu zao nyingi kwa shaba katika mji ambao dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita kila mwaka. Sarafu zile hazikuandikwa mwaka wala kiwango cha thamani. Ziliandikwa jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na watu wa Kilwa na visiwa vya jirani walizipokea.

Maelezo ya pili yana uzito: noti ina thamani kwa sababu dola, yaani mamlaka ya nchi, imesema hivyo. Katika kisa hiki, hata hivyo, dola ilikuwa bado inasema hivyo, na muuza mabati alikataa. Alivunja sheria? Kwa kanuni ya jumla, hadhi ya fedha halali hufanya kazi hasa pale penye deni: anayedaiwa akileta fedha halali, mdai hawezi kusema hajalipwa. Bibi hakuwa na deni dukani. Alikuwa mnunuzi ambaye biashara yake ilikuwa haijafungwa, na muuzaji hakuona kinachomlazimisha kuifunga. Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo wengi hulipita. Sheria inaweza kusema noti hii ni fedha, lakini haiwezi kukaa kwenye kila duka ikiangalia uso wa muuzaji anapofikiria atampa nani noti hiyo kesho.

Maana muuza mabati hakuwa akiipima noti. Alikuwa akiwapima watu watakaokuja baada yake. Angeipokea noti ya tembo wa zamani, angempa nani? Mteja anayetaka chenji angeikataa. Dereva wa gari la mizigo linalomletea mabati angeikataa. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kwenda nayo benki, na kwenda benki ni nauli na siku nzima ya kufunga duka. Kila mmoja wa hao angemkatalia kwa hesabu hiyohiyo, kila mmoja akimwogopa anayefuata. Ukomo wa tarehe 5 Aprili ulirudi nyuma kutoka mkono hadi mkono, na kwa watu wa kijiji kile siku ya mwisho ya noti ikawa imefika wiki kadhaa kabla ya siku iliyoandikwa kwenye tangazo. Muuzaji hakuwa mjinga wala hakuwa mkatili. Ukitazama mbele kama alivyotazama yeye, utaona alikuwa sahihi.

Je, tuhitimishe basi kwamba fedha ni kuaminiana tu, na dola haina kazi? Wapo wanaosema hivyo, na mfano wao mzuri upo Somalia. Mwaka 1991 serikali kuu ya nchi ile iliporomoka na benki kuu yake ikaanguka pamoja nayo, lakini shilingi ya Somalia iliendelea kupokelewa sokoni kwa miaka mingi, bila wa kuitetea kisheria. Watu waliipokea kwa sababu walijua jirani ataipokea. Mfano huo, hata hivyo, una upande wa pili usioelezwa mara nyingi. Kwa kuwa hapakuwa na wa kuzuia, wafanyabiashara na wakuu wa maeneo walichapisha noti zao nje ya nchi na kuziingiza, na thamani ya noti ya shilingi 1,000 ikashuka hadi kuikaribia gharama ya kuichapisha. Kuaminiana kuliifanya fedha iendelee kutembea, lakini hakukuweza kuilinda idadi yake. Kitu kinachochapishwa kwa gharama ndogo hubaki na thamani pale tu ambapo yupo mmoja mwenye mamlaka ya kukichapa, na anajizuia.

Turudi Kitangari, kwa wakala, kwa kuwa ndiye ufunguo wa kisa. Kwa nini kijana yule alizipokea kwa thamani kamili noti ambazo wenye maduka waliomzunguka walizikataa? Hakuwa na huruma kuliko wao, ingawa alimpa bibi kiti na kumhesabia noti mbele ya macho yake, akiandika kila kundi kwenye daftari. Tofauti yake na wao ilikuwa moja: safari yake ya benki ilikuwa imeshapangwa. Wakala anayepokea fedha za wateja hubaki na karatasi nyingi na floti kidogo, na ili kazi iendelee ni lazima azipeleke benki na kuzigeuza kuwa floti tena. Kwa hiyo, mtu wa mwisho kwenye mnyororo wake hakuwa mteja wa chenji. Alikuwa ni karani wa benki, ambaye hadi tarehe 5 Aprili alipaswa kuipokea noti ile kwa thamani yake kamili. Yeye alikuwa hatua moja tu kutoka kwa mwenye wajibu wa kupokea. Muuza mabati alikuwa hatua nyingi, na katika kila hatua palikuwa na mtu asiye na wajibu wowote.

Ninaamini jibu lipo hapo, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa kirefu. Thamani ya fedha husimama juu ya wajibu wa kupokea: yupo mtu au chombo, mahali fulani, ambacho hakiwezi kuikataa. Benki Kuu haiwezi kuikataa noti yake iliyo hai. Mamlaka ya Mapato haiwezi kuikataa shilingi inapolipwa kodi. Mnunuzi wa korosho kutoka India au Vietnam anaweza kuwa na dola kiasi gani, lakini ili amlipe mkulima wa Newala kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika ni lazima azigeuze kuwa shilingi, na kila msimu wa mavuno hitaji hilo huonekana hadi kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Mwishoni mwa mwaka 2024, bei ya korosho mnadani ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, mauzo hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizoipandisha shilingi dhidi ya dola. Na mwezi uleule wa kisa chetu, tarehe 28 Machi 2025, zilianza kutumika kanuni zinazozuia bei na malipo ya ndani ya nchi kufanywa kwa fedha za kigeni. Wale wasio na wajibu wa kupokea, yaani sisi wengine wote, tunapokea kwa sababu tunajua mnyororo wetu unaishia kwa mwenye wajibu. Mnyororo ukiwa mfupi na unaonekana, hatuulizi. Ukirefuka, tunaanza kuulizana maswali.

Mchuuzi wa shilingi 7,000 naye anaeleweka kwa kipimo hicho. Alikuwa akiuza ufupi wa mnyororo: anazikusanya noti za wengi, anazipeleka benki kwa safari moja, na nauli yake inagawanyika. Kwa mwenye noti moja tu ya 10,000, ambaye nauli ya kwenda Newala na kurudi ingemla sehemu kubwa ya noti hiyo, bei ile si ya kupuuzwa. Kwa bibi mwenye 252,000 ilikuwa hasara isiyo na sababu, kwa kuwa shilingi 75,600 ingemlipia nauli mara nyingi. Kilichompa mchuuzi nafasi ni kwamba bibi hakujua kwamba benki bado inapokea. Alidhani muda umeshakwisha, kwa sababu kila duka lilimwonyesha hivyo.

Sasa kuhusu tarakimu za simu. Wapo waliosema, baada ya kisa hiki kusambaa kijijini, kwamba hela ya kwenye simu ndiyo bora kwa kuwa haichakai wala haiondolewi. Kauli hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini. Salio la bibi halikuwa fedha nyingine iliyoichukua nafasi ya noti. Lilikuwa dai. Tangu huduma za namna hii zilipoanza Tanzania mwaka 2008, na kwa uwazi zaidi tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki, kampuni inayotoa huduma inatakiwa iweke kwenye akaunti maalumu ya amana, ndani ya benki, kiasi kinacholingana na salio la wateja wote. Tarakimu kwenye simu inasema kwamba kule benki zipo shilingi kadhaa zinazosubiri. Shilingi hizo za benki nazo ni dai la kupata noti na sarafu za Benki Kuu. Kwa hiyo, muuza mabati aliyepokea kwa lipa namba alipokea, kwa njia ndefu, zile noti za tembo alizozikataa asubuhi ya jana, zikiwa zimeshapita kwa karani mwenye wajibu wa kuzipokea.

Thamani ya tarakimu, kwa hiyo, inategemea vitu vyote vinavyoitegemeza noti, na juu yake inaongeza vingine: mtandao uwepo, simu iwe na chaji, kampuni itunze hesabu, akaunti ya amana iwe kamili, na wakala awe na taslimu. La mwisho hili wakazi wa Mtwara na Lindi wanalijua vizuri. Malipo ya mnada yanapoingia kwa wakulima wengi kwa siku moja, mawakala wa vijijini huishiwa karatasi kufikia adhuhuri, na mtu mwenye laki tano kwenye simu huzunguka akitafuta wa kumpa elfu ishirini. Makato ya kutoa nayo yanaonyesha kwamba shilingi 10,000 ya simuni na shilingi 10,000 ya mkononi hazilingani kabisa kwa mtu anayehitaji karatasi leo. Tofauti yake na ile 3,000 ambayo mchuuzi angekata kwa kila 10,000 ni kwamba makato yamebandikwa ukutani, ni madogo, na yanajulikana kabla.

Vijana huuliza pia kuhusu Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza Januari 2009 na ambayo programu yake imeweka ukomo wa sarafu milioni 21. Kwa kipimo cha kisa hiki, ina nusu moja ya mambo na imekosa nusu nyingine. Idadi yake inalindwa vizuri kuliko ya fedha nyingi, lakini hakuna mwenye wajibu wa kuipokea mwishoni mwa mnyororo. Thamani yake yote inakaa kwa anayefuata, na ndiyo maana bei yake hupanda na kuporomoka kwa namna ambayo bei ya shilingi dhidi ya mchele haijawahi kufanya katika miaka ya karibuni.

Lipo jambo moja zaidi ambalo kopo lile lilihifadhi bila mtu kuliona, na kwangu ndilo zito kuliko mengine yote. Noti nyingi zilipoingia ndani ya kopo, katikati ya miaka ya 2000, dola moja ilikuwa takribani shilingi 1,250. Zilipotoka ilikuwa zaidi ya shilingi 2,600. Wakati ule kilo ya korosho haikufika shilingi 1,000 kwa mkulima, kwa hiyo noti moja ya tembo ilinunua zaidi ya kilo kumi. Kwa bei ile ya zaidi ya shilingi 4,000 ya mwishoni mwa 2024 noti hiyohiyo haikufikisha kilo tatu. Bibi aliogopa kupoteza asilimia thelathini kwa mchuuzi, na alikuwa na haki ya kuogopa, lakini kipimo cha korosho kinaonyesha kwamba zaidi ya hiyo ilikuwa imeshapotea ndani ya kopo, taratibu, bila duka lolote kukataa. Mfumuko wa bei wa Tanzania umekuwa mdogo kwa muda mrefu sasa, ukilinganisha na takribani asilimia thelathini kwa mwaka iliyowaumiza wazee wetu katika miaka ya 1980. Hata hivyo, asilimia ndogo ya kila mwaka, ikirudiwa kwa miaka karibu ishirini, inakula sana. Wajibu wa kupokea unailinda tarakimu iliyoandikwa kwenye noti. Wingi wa noti zinazotolewa, ukilinganishwa na wingi wa vitu vinavyouzwa, ndio unaoamua tarakimu hiyo itanunua nini, na ulinzi wa pili ni kazi ngumu zaidi kuliko wa kwanza.

Kuhusu lililoweza kufanyika vizuri zaidi, maoni yangu ni mahususi. Tangazo lilitolewa Oktoba na likasomwa redioni na magazetini, lakini miezi ya kubadilisha, Januari hadi mwanzoni mwa Aprili, ni miezi ya mvua katika uwanda wa Newala na Tandahimba, ambapo watu wapo mashambani na barabara za vijijini ni mbaya. Wakulima wa korosho hukusanyika kwenye vyama vya msingi vya ushirika kuanzia Oktoba hadi Desemba, wanapopeleka mzigo ghalani na kufuatilia malipo. Noti za zamani zikiondolewa tena, tangazo libandikwe kwenye maghala hayo msimu wa mavuno, likiwa na picha za noti husika, mbele na nyuma, na sentensi moja kwa herufi kubwa inayosema kwamba benki itazipokea kwa thamani kamili hadi tarehe iliyotajwa. Mawakala wa simu nao waambiwe waziwazi na kampuni zao kwamba wanaruhusiwa kuzipokea hadi siku chache kabla ya ukomo, ili mwenye noti moja tu asilazimike kuchagua kati ya nauli na mchuuzi.